Kujizuia kwa Mnywaji na Sheria za Kudhibiti Uuzaji wa Pombe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanahusu sheria zinazofunga baa mapema, zinazokataza pakiti ndogo au zinazopandisha bei ya pombe, na namna zinavyomsaidia au kumkwaza mtu ambaye mwenyewe anatamani kunywa kidogo kuliko anavyokunywa sasa. Mifano mingi inatoka Kenya na Tanzania. Ya mbali imeletwa pale ambapo matokeo yalipimwa kwa makini.

Kama mtu anataka kupunguza pombe, kwa nini asipunguze tu bila kusubiri sheria?

Wengi hujaribu, na wapo wanaofaulu. Shida ni kwamba anayeweka azimio na anayelivunja, ingawa ni mtu mmoja, hukutana na pombe katika saa mbili tofauti. Saa mbili asubuhi, kichwa kikimgonga na mfuko ukiwa mwepesi, mtu huapa kwa dhati kabisa kwamba leo atakwenda nyumbani moja kwa moja. Saa kumi na mbili jioni, akiwa amechoka na wenzake wakimwita kwa jina kutoka barazani mwa baa, raha iliyo mbele ya macho huonekana kubwa kuliko madhara ya kesho. Wanauchumi wamekuwa wakilichunguza jambo hili tangu Robert Strotz alipoandika, mwaka 1956, juu ya mtu anayepanga jambo leo na kulikataa siku ya kulitekeleza ikifika, na mwaka 1997 David Laibson alilieleza kwa hesabu ambazo zinatumika hadi sasa.

Pombe ina hila ya ziada, kwa kuwa hudhoofisha ule uwezo wenyewe wa kujizuia. Bia ya kwanza huamuliwa na mtu mwenye akili timamu, lakini ya nne huamuliwa na mtu ambaye tayari ana tatu tumboni. Kwa sababu hiyo mpaka uliowekwa kabla ya chupa ya kwanza, uwe umewekwa na mnywaji mwenyewe au na sheria, una nguvu kuliko ule unaotegemea busara ya katikati ya kikao.

Kuna ushahidi gani kwamba wanywaji wenyewe wanataka kuzuiwa?

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka Chennai, kusini mwa India, ambako mwanauchumi Frank Schilbach aliwafuatilia waendesha riksho za baiskeli 229 kwa wiki tatu na kuchapisha matokeo yake mwaka 2019. Wanaume hao walifika jioni kwenye ofisi ya utafiti, wakapuliza kipimo cha pombe, wakapokea malipo yao na kuweka akiba kiasi walichotaka. Kundi moja lililipwa rupia 90 kwa siku bila kujali kipimo kimeonyesha nini. Kundi jingine lilipewa rupia 60 kwa aliyekutwa na pombe na rupia 120 kwa asiyekutwa nayo. Kundi la tatu liliachiwa lichague lenyewe kati ya malipo yenye sharti na yasiyo na sharti.

Zaidi ya nusu ya waliopewa nafasi ya kuchagua walikuwa tayari kupoteza fedha ili tu wapate malipo yenye sharti la kutokunywa. Uchaguzi huo una uzito wake: ni mtu maskini, anayekanyaga pedali juani kutwa nzima, anayeacha fedha ya uhakika na kuchukua ile atakayoikosa akinywa, kwa sababu anajijua. Unywaji wa mchana ulipungua kwa takriban theluthi moja miongoni mwa waliopewa motisha hiyo, na akiba yao ikaongezeka kwa karibu nusu. Ongezeko hilo la akiba halikuelezwa hasa na fedha iliyookolewa kwa kutonunua pombe, maana yake ni kwamba mtu asiyelewa mchana huamua vizuri zaidi hata katika mambo yasiyohusu pombe.

Hapa kwetu dalili za haja hiyo hiyo zinaonekana mtaani bila utafiti: fundi anayemwomba tajiri wake ampe mkewe mshahara, mwendesha bodaboda anayemwachia mwenye duka la jirani fedha za kodi ya nyumba hadi mwisho wa mwezi, mwanachama anayesisitiza mchango wake wa chama ukatwe siku ile ile mshahara unapoingia. Watu hawa hawangoji kuambiwa kwamba jioni haiaminiki.

Sheria ya Kenya inasema nini kuhusu saa za kuuza?

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo Wakenya wengi huiita sheria ya Mututho kwa jina la John Mututho, mbunge wa Naivasha wa wakati huo aliyeisukuma bungeni, inaruhusu baa kuuza kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za Jumatatu hadi Ijumaa, na kuanzia saa 8 mchana hadi saa 5 usiku siku za mwisho wa wiki na za sikukuu. Sheria hiyo hiyo ilihalalisha chang'aa, yaani pombe kali ya kienyeji, inayotengenezwa na kufungashwa kwa viwango, ikakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, ikataka baa iwe umbali wa angalau mita 300 kutoka shule za watoto, na ikazuia pombe kali kufungashwa katika ujazo usiofika mililita 250. Tangu mwaka 2013 leseni hutolewa na serikali za kaunti, kwa hiyo mwenye biashara anapaswa kusoma pia sheria ya kaunti yake.

Majirani wana mipaka yao. Tanzania Bara, leseni na saa zinatokana na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Rwanda iliamua kwamba kuanzia Septemba 2023 shughuli za starehe zikome saa 7 usiku siku za kawaida na saa 8 usiku mwisho wa wiki.

Je, kufunga mapema kunapunguza ulevi, au watu hunywa haraka haraka kabla ya kufungiwa?

Yote mawili hutokea, lakini pale palipopimwa vizuri, upande wa kupungua kwa madhara umeshinda. Mjini Newcastle, Australia, mwaka 2008 baa zilizokuwa zikifungwa saa 11 alfajiri zililazimishwa kufunga takriban saa 9 usiku, na mashambulizi ya usiku yakapungua kwa zaidi ya theluthi moja yakilinganishwa na mtaa wa jirani ambao haukuguswa na amri hiyo. Diadema, mji wa viwanda karibu na São Paulo huko Brazili, ulikuwa na baa nyingi zisizofungwa kabisa. Tangu Julai 2002 ziliamriwa kufunga saa 5 usiku, na watafiti wakakadiria kwamba mauaji yalipungua kwa karibu tisa kila mwezi. Sweden ilikwenda kinyume: ilipofungua tena siku za Jumamosi maduka ya pombe ya serikali, kwa majaribio kuanzia mwaka 2000, mauzo yaliongezeka kwa karibu asilimia 4.

Takwimu hizi hupima mapigano, mauaji na mauzo, ambavyo si kitu kimoja na kujizuia. Kuhusu kujizuia kwenyewe, utafiti wa B. Douglas Bernheim na wenzake wa mwaka 2016 ulitazama majimbo ya Marekani yaliyobadili saa za kuuza pombe siku ya Jumapili, ukakuta jambo la kufikirisha. Saa za baa na mikahawa zilipoongezwa, unywaji uliongezeka. Saa za maduka ya kununua na kuondoka zilipoongezwa, unywaji haukubadilika. Kwa lugha rahisi, kufunga duka la chupa Jumapili hakukuonekana kuwasaidia watu kujifunga, kwa kuwa aliyetaka kunywa alinunua Jumamosi.

Kwa maoni yangu, funzo kwa Afrika Mashariki liko katika tofauti hiyo. Mtu anayekunywa baa huagiza kila chupa papo hapo, na baa ikifungwa anahitaji uamuzi mpya kabisa ili aendelee. Zaidi ya hapo, kengele ya saa tano humpa sababu ya heshima ya kuondoka. Katika meza ya watu sita ambayo kila mmoja ananunua raundi, anayeinuka baada ya raundi ya tatu huonekana bahili, kwa sababu amekunywa ya wenzake na hajatoa yake. Mhudumu anapozima muziki na kuleta bili, hakuna aliyemkimbia mwenzake. Wapo wanaume wengi wasioweza kusema "nimetosheka" ambao wanaweza kabisa kusema "wanafunga".

Lakini mnywaji si anaweza kununua mapema akaweka nyumbani?

Anaweza, na mwenye kupanga hufanya hivyo. Ila anayetaka kupunguza mara nyingi ndiye anayekataa kuweka pombe nyumbani, akijua kwamba chupa iliyo kabatini haiwezi kufika asubuhi, na kwa mtu huyo duka lililofungwa usiku ni msaada hasa. Sheria ya saa humgusa kidogo mnywaji mwenye mipango na humgusa zaidi anayenunua kwa msukumo wa ghafla. Kwa kipimo hicho imelenga vizuri kuliko inavyosemwa.

Udhaifu wake ni kwamba humkumba pia asiye na tatizo lolote, kama vile askari wa lindo la usiku, anayetoka kazini saa 12 asubuhi na ambaye asubuhi hiyo ndiyo jioni yake.

Kwa nini viroba, yaani pakiti ndogo za pombe kali, vilipigwa marufuku ilhali chupa kubwa zinaruhusiwa?

Swali hili lina ugumu kuliko linavyoonekana, na linastahili hesabu kidogo. Bia ya mililita 500 yenye alkoholi asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi tupu. Kiroba cha mililita 100 chenye asilimia 40 kina gramu 32 hivi, yaani zaidi ya bia moja na nusu, katika pakiti inayoingia mfuko wa shati na kumezwa kwa mikupuo miwili. Chupa ya mililita 250 ya pombe kali hiyo hiyo ni sawa na bia nne, na mzinga wa mililita 750 ni sawa na bia kumi na mbili.

Sasa, nadharia ya kujizuia ingesema kwamba kifungashio kidogo ni rafiki wa anayejipimia. Klaus Wertenbroch alionyesha mwaka 1998 kwamba watu hununua kwa makusudi kiasi kidogo cha vitu wanavyojua vitawazidi nguvu, hata kama kwa bei ya jumla wangeokoa fedha. Mvutaji ananunua pakiti moja moja ili boksi zima lisiishe kwa wiki. Kwa mantiki hiyo kiroba kingekuwa breki, na kulazimisha mililita 250 kungekuwa kumlazimisha mtu anunue bia nne alipotaka moja.

Mantiki hiyo inashika pale tu ambapo kununua tena kuna usumbufu. Kwenye vituo vya daladala na bodaboda viroba vilining'inizwa dirishani pamoja na sabuni na biskuti, kwa shilingi mia chache, kuanzia alfajiri. Kiroba cha pili kilikuwa hatua tatu kutoka cha kwanza, na cha tatu hivyo hivyo, kwa hiyo udogo wake haukumpimia mtu chochote. Ulichofanya ni kuondoa kila kizuizi ambacho angekutana nacho njiani. Aliye na sarafu tu alikimudu, mwanafunzi alikificha ndani ya soksi, na dereva alikinywa bila abiria kujua. Tanzania ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, baada ya Waziri Mkuu Kassim Majaliwa kutangaza hatua hiyo mwezi uliotangulia. Malawi na Cameroon zilikuwa zimechukua mwelekeo huo kabla, na Uganda ikafuata mwaka 2019 kwa kuweka kima cha chini cha mililita 200.

Marufuku hiyo haikumaliza unywaji wa kidogo kidogo. Watu huchanga na kugawana chupa, na wapo wauzaji wanaofungua mzinga na kupima toti nyuma ya kaunta, kinyume cha utaratibu katika sehemu nyingi. Hata hivyo kuchanga kunahitaji wenzako, na kupimiwa toti kunahitaji usimame mbele ya macho ya watu. Aibu hiyo ndogo ni kizuizi cha kweli, na kiroba kilikuwa kimekiondoa. Ningelazimika kuchagua kati ya marufuku ya viroba na saa za Mututho, ningebaki na marufuku ya viroba.

Kupandisha bei si kungetosha?

Bei ni chombo chenye nguvu, na Shirika la Afya Duniani huiweka, pamoja na kudhibiti upatikanaji na matangazo, miongoni mwa hatua zenye faida kubwa kwa gharama ndogo. Uskoti ilianza tarehe 1 Mei 2018 kuweka bei ya chini ya peni 50 kwa kila mililita 10 za alkoholi tupu, na tathmini iliyochapishwa mwaka 2023 ilikadiria kwamba vifo vinavyosababishwa na pombe moja kwa moja vilipungua kwa asilimia 13.4. Kuanzia Septemba 2024 kiwango kilipandishwa hadi peni 65.

Kenya ina mfano wake wenyewe, na unaonya. Mwaka 2004 kampuni ya bia ilileta Senator Keg, bia ya pipa ya bei nafuu, na serikali ikaisamehe ushuru ili wanywaji wa kipato cha chini waiache chang'aa ya vichochoroni. Mwaka 2013 nusu ya msamaha huo iliondolewa, bei ya glasi ikapanda, mauzo yakaporomoka. Mwaka uliofuata makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa kwa kunywa pombe haramu iliyochanganywa na methanoli, na mwaka 2015 sehemu kubwa ya msamaha ikarudishwa. Haiwezekani kusema kila kifo kilitokana na ushuru, kwa kuwa maafa ya aina hiyo yaliwahi kutokea Nairobi mwaka 2000, wakati ambao keg haikuwepo, yakaua zaidi ya watu 100. Linaloweza kusemwa ni kwamba Uskoti haina mtungi wa chang'aa nyuma ya kila nyumba ya tano, na kwa hiyo bei inayomfanya Mskoti anywe kidogo inaweza kumfanya mkazi wa Mathare, mtaa wa mabanda wa Nairobi, abadilishe glasi tu.

Basi kwa nini pombe isipigwe marufuku kabisa?

Afrika Kusini ilijaribu kwa vipindi wakati wa janga la UVIKO-19, kuanzia Machi 2020. Marufuku ya ghafla ya wiki tano kati ya Julai na Agosti mwaka huo ilichunguzwa kwa makini, na vifo vya majeraha vikakadiriwa kupungua kwa angalau asilimia 14. Wauguzi wa wodi za dharura hawakuhitaji jedwali kuona tofauti.

Marufuku fupi hukuta magendo hayajajipanga. Marekani ilidumu na marufuku yake kuanzia mwaka 1920 hadi 1933 na mwishowe ikaifuta, na Kenya yenyewe iliizuia chang'aa kwa miongo mitatu bila kuikomesha, jambo ambalo ndilo lililosababisha sheria ya 2010 iihalalishe. Kwa upande wa kujizuia, marufuku kamili pia humnyima mtu kile alichokitafuta, kwa sababu wengi hawataki kuacha; wanataka mbili zibaki mbili.

Mnazi nao unaingia wapi?

Sheria iliyoandikwa kwa kufikiria chupa haikai vizuri juu ya mnazi, yaani pombe inayogemwa kutoka kwenye mti wa mnazi na ambayo pia huitwa tembo. Mgema hupanda asubuhi na jioni, na tembo la asubuhi, ambalo ni tamu, huendelea kuchacha lenyewe ndani ya kitoma hadi jioni likawa kali. Kuwaambia wauzaji wa mangwe, yaani vilabu vya mnazi, za Kilifi wangoje saa 11 jioni ni kuwaambia wauze lile lililokolea zaidi na wamwage lile jepesi. Pwani inastahili kanuni zake, zitungwe na kaunti zenyewe pamoja na wagema.

Je, huku si kuwafanya watu wazima kuwa watoto?

Pingamizi hili lina uzito na halipaswi kudharauliwa, hasa linapotoka kwa mtu anayekunywa bia mbili Ijumaa na kwenda kulala. Jibu la kawaida ni kwamba mnywaji haumii peke yake: yupo mke, wapo watoto wanaosubiri karo, yupo mtembea kwa miguu kando ya barabara. Jibu hilo ni sahihi, lakini linahalalisha sheria za barabarani na za ukatili wa nyumbani kuliko linavyohalalisha saa za baa.

Jibu la pili ni lile la Chennai. Ikiwa sehemu kubwa ya wanywaji wako tayari kulipa ili wazuiwe, basi kizuizi chepesi, kinachomchelewesha mtu bila kumkataza, kinatekeleza uamuzi wa mtu mzima alioufanya akiwa timamu. Neno la muhimu hapo ni "chepesi". Sheria inayompeleka mahabusu mama anayeuza chang'aa ili alishe watoto, huku vilabu vya wenye nacho vikiuza hadi alfajiri bila kugongewa mlango, haina tena uhusiano na kujizuia kwa mtu yeyote. Malalamiko ya msako unaogeuka kuwa ukusanyaji wa kitu kidogo ni ya zamani kama sheria yenyewe, na kila noti inayotolewa hivyo huwafundisha wanywaji kwamba saa tano usiku ni bei wala si mpaka.

Pendekezo la kupandisha umri hadi miaka 21 limefika wapi?

Sera ya kitaifa iliyotangazwa Kenya mwaka 2025 na NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ilipendekeza umri wa chini uwe miaka 21 na uuzaji wa pombe mtandaoni, wa kupelekewa nyumbani na wa kwenye supamaketi ukomeshwe. Mamlaka yenyewe ilifafanua kwamba hiyo ilikuwa sera na bado haijawa sheria. Kwa mtazamo wa kujizuia, kipengele cha kupelekewa nyumbani ndicho kizito zaidi, kwa kuwa bodaboda inayoleta chupa mlangoni saa 4 usiku inafuta ule mwendo wa kutoka nyumbani ambao kwa wengi ndio uliokuwa kizuizi pekee kilichobaki.

Muuzaji anaruhusiwa kumnyima pombe mtu aliyekwisha kulewa?

Nchini Kenya anatakiwa kumnyima; sheria inamkataza mwenye leseni kumuuzia mtu ambaye tayari amelewa. Ni kifungu kisichotekelezwa sana, labda kwa sababu mlevi ndiye mteja mwenye bili kubwa.

Simu na mikopo vinahusianaje na jambo hili?

Zamani fedha mfukoni zikiisha kikao kiliisha, au mtu aliomba kuandikiwa deni na mwenye baa akamtazama usoni kabla ya kukubali. Siku hizi namba ya malipo imebandikwa kwenye kaunta, mshahara wote uko ndani ya simu, na huduma za kulipa zaidi ya salio, kama Fuliza iliyoanza Kenya mwaka 2019, huruhusu jioni ikope kutoka mwezi ujao bila kumtazama mtu yeyote. Sheria za pombe hazikuandikwa zikiwa na hilo akilini. Uwezo wa mteja kujiwekea kikomo cha matumizi ya usiku, kisichoweza kuondolewa kabla ya kesho yake, ungefanya kazi kubwa kuliko nyongeza ya vifungu vya saa.

Ninawezaje kujiwekea mipaka mwenyewe?

Weka mpaka mahali ambapo si wewe wa jioni utakayeulinda. Siku ya mshahara lipa kodi, karo na mchango wa chama kabla ya giza, na kinachobaki kiweke kwenye akiba yenye kufuli ya muda. Omba kikomo chako cha mkopo wa simu kipunguzwe au ujiondoe kwenye huduma hiyo. Nenda na fedha taslimu za kiasi ulichopanga, na usiingie kwenye raundi. Lipia zako mwenyewe tangu mwanzo, kwa sababu kujitoa katikati ni kugumu zaidi. Usiweke pombe kali nyumbani. Kula kwanza. Kama una tabia ya kuzimua asubuhi, yaani kunywa kidogo ili kuondoa uchovu wa jana, tazama hiyo kama alama ya kutafuta msaada na usiichukue kama dawa.

Mwambie mtu mmoja idadi uliyopanga, kabla ya kutoka, na awe mtu atakayekuuliza kesho yake.

Mtu anayekunywa kila siku anaweza kuacha ghafla?

Asifanye hivyo peke yake. Kwa mtu ambaye mwili wake umezoea pombe kila siku kwa muda mrefu, kuacha ghafla kunaweza kuleta mtetemeko, jasho, degedege na kuchanganyikiwa kunakoambatana na kuona visivyokuwepo, kwa kawaida ndani ya siku chache za mwanzo, na hali hiyo inaweza kuua. Kwa kundi hili, baa kufungwa au duka kukosa bidhaa si msaada wa kujizuia. Ni hatari ya kitabibu, na nchi inayopanga kufunga mauzo kwa ghafla inapaswa kwanza kuandaa hospitali zake.

Hospitali ya wilaya au ya kaunti inaweza kumsimamia mtu katika siku hizo kwa dawa za kutuliza na vitamini B1, kisha kuna dawa zinazopunguza hamu, kama naltreksoni na akamprosati, ambazo daktari huziandika pamoja na ushauri nasaha. Tanzania Bara na Zanzibar zipo soba hausi zinazopokea waraibu wa pombe na wa dawa za kulevya. Kabla ya kumpeleka ndugu yako, uliza kama nyumba hiyo imesajiliwa na kama kuna mhudumu wa afya anayefika, kwa sababu wiki ya kwanza ndiyo inayomhitaji. Nchini Kenya, NACADA ina namba ya simu isiyolipiwa, 1192, kwa mwenye kuhitaji ushauri au ndugu yake.